Kabla Hujaituma Nyumbani

Ndugu zangu, kompyuta za mtumba tunazonunua huku Uingereza nyingi huugua pawasapulai. Ya mdogo wangu wa Tanga, anayeisubiri afungue kibanda cha kuchapa barua, imenikalisha wiki mbili.

Chomoa waya, subiri, kisha pima kapasita kubwa kwa mita. Umeme wa volti 230 huiachia volti kama 325, nazo zinaua hata plagi ikiwa mkononi mwako! Kapasita iliyovimba kichwa, badilisha. Kutu ya kijani, sugua kwa brashi na spiriti. Njia ya shaba ikiwa imelika, unganisha kwa waya.

Isiyopona, jamani, tusiitume. Za zamani zina risasi ndani, na jalala la kule wanachezea watoto wetu.