Kidonge cha uzazi

Haya yanagusa nyumba yangu, ndiyo maana nilikawia kuyaandika. Nina miaka sita katika ndoa na mtoto bado.

Mwaka jana jirani aliniambia: «Mwalimu, jaribu vitamini E. Ile ni vitamini ya uzazi.» Nikashuka soko la Kadutu, nikapata vidonge laini vyenye mafuta ndani. Nilivinunua miezi saba, mara nyingine kwa feza ya samaki. Kila mwezi nilingoja, na kila mwezi nililia peke yangu.

Siku moja muuguzi ninayesali naye aliniuliza: «Na bwana yako, amepimwa?» Sikuwa na jibu. Kidonge kilinipa sababu ya kutouliza.

Nikaanza kusoma. Neno la jirani lina mzizi. Mwaka 1922, kule California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliona kwamba panya waliokosa kitu fulani katika chakula walishika mimba, lakini watoto walikufa tumboni. Walipopewa majani mabichi, walizaa. Kitu hicho ndicho vitamini E, na jina lake la kitaalamu, tokoferoli, latokana na neno la Kigiriki la kuzaa. Lakini wale panya walikuwa wamenyimwa vitamini hiyo kabisa. Mimi sikunyimwa. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 hivi kwa siku, nayo imo katika mawese, karanga, avoka na mboga za majani. Sombe yetu yenye mawese na karanga ni dawa tosha. Upungufu wake ni nadra, huwapata hasa wenye ugonjwa unaozuia mwili kupokea mafuta.

Shirika la Afya Duniani halishauri vidonge vya vitamini E kwa mama mjamzito. Linashauri chuma na asidi foliki. Tena, vitamini E nyingi yaweza kuzuia damu isigande. Anayetumia dawa za kulainisha damu asiiguse bila kumwuliza mganga.

Bwana yangu alikataa kwanza. Alisema, «Watu watasemaje?» Nilimjibu kwamba watu wanasema tayari, na wanamsema mimi. Alinyamaza siku mbili, ya tatu akavaa shati, akasema twende. Tulipimwa wote wawili. Majibu ni ya nyumba yetu, lakini jueni kwamba mara nyingi tatizo liko kwa mwanaume, au kwa wote wawili. Sasa tunatibiwa pamoja.

Mtoto bado. Lakini silii tena peke yangu. Dada unayehesabu miezi kama mimi, usimalize mwaka mzima na kidonge cha sokoni. Feza ile rudisha kwenye chungu, kisha mshike bwana yako mkono mwende kupimwa.