KIPIMO CHA BABA: TULIYOJIFUNZA NYUMBANI KWETU



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, haya tunayoyaandika leo ni mambo ambayo familia zetu huona haya kuyasema. Tumeshauriana sisi ndugu watano, tukamwomba Baba ruhusa, naye akatujibu: "Semeni, huenda akanufaika mtu. Ila jina langu msilitaje." Basi jina hatulitaji.

Sisi ni wakaazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Baba yetu ana miaka 67. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akiona damu kwenye choo, na hakumwambia mtu isipokuwa Mama. Wote wawili walishikilia kuwa ni bawasiri, wakawa wanachemsha mizizi na majani. Sisi tulikuja kujua siku aliposhikwa na kizunguzungu akitoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri. Daktari alimkuta amepungukiwa damu, akampa vidonge vya kuongeza damu, kisha akasema utumbo mpana lazima uangaliwe kwa kamera. Kipimo hicho huitwa kolonoskopi. Mpira mwembamba wenye taa na kamera huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na kupandishwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, ambao urefu wake ni kama mita moja na nusu.

Baba alikataa. Alisema: "Wanangu, nimeusitiri uchi wangu umri wote huu, leo nikawafunulie vijana?" Hatukubishana naye. Tulimwendea imamu wetu, akaja nyumbani, wakakaa wawili sebuleni. Alimweleza kwamba kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), na kwamba kwa ajili ya tiba sitara hufunuliwa kwa kadiri ya haja tu, na mwanamume akipatikana wa kumhudumia mwanamume ndiyo bora. Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema: "Haya, twendeni."

Hapo ndipo sisi tulipokosea, na kosa hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Karatasi ya hospitali ilisema siku moja kabla ya kipimo mgonjwa asile chakula, anywe vinywaji vyepesi tu, na anywe dawa ya unga ya kuharisha iliyochanganywa na maji, lita nne. Mchana wa siku ile Mama alimwonea huruma, akampakulia ndizi na maharage, kidogo tu. Sisi tuliona tukanyamaza. Usiku, alipofika lita mbili, Baba alisema tumbo limejaa na anataka kutapika. Nasi tukamwambia: "Imetosha, Baba, pumzika." Asubuhi daktari aliingiza kamera na kuitoa baada ya muda mfupi. Alituambia kuwa hakuona kitu, ni kama kutazama samaki ndani ya maji ya tope. Tulirudishwa nyumbani tukangoja wiki tatu. Tulikuwa tumelipa, na Baba alikuwa amevumilia aibu ile bure. Mama alilia, tukamwambia kosa ni letu sote.

Mara ya pili tulijipanga hivi:

Kwanza, wiki moja kabla, kwa agizo la daktari, vidonge vya kuongeza damu vilisimamishwa kwa sababu huufanya uchafu kuwa mweusi na wa kunata. Mwenye kunywa dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda asijiamulie mwenyewe, bali amuulize daktari wake mapema.

Pili, kuanzia siku tatu kabla tuliondoa maharage, lengalenga, mahindi, ndagala na matunda yenye mbegu. Baba alikula wali mweupe, mayai, mkate mweupe na mukeke wa kuchemsha bila ngozi wala miba.

Tatu, siku ya mwisho alikunywa maji, chai ya rangi bila maziwa, na supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa hata haina chembe. Kinywaji chekundu au cha zambarau hakifai, maana ndani ya utumbo huonekana kama damu. Karatasi iliruhusu pia jeli ya dukani, lakini nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, kwa hiyo tuliiacha. Na ili Mama asipate majaribu, nyumba nzima haikupika maharage siku zile!

Nne, dawa iligawanywa mara mbili: lita mbili jioni, na lita mbili alfajiri kama daktari alivyopanga saa zake. Tuliiweka kwenye maji baridi, tukampa glasi moja kila baada ya dakika 15, na wajukuu ndio waliohesabu glasi. Kichefuchefu kilipozidi tulisimama nusu saa, kisha tukaendelea.

Tano, choo chetu kiko uani. Tuliweka taa, kiti cha kupumzikia mlangoni, ndoo za maji ya istinjaa, na mafuta ya mgando ya kujipaka, kwani ngozi huchubuka. Kijana mmoja alilala barazani ili amsindikize, mtu mzima asije akaanguka usiku. Dalili ya kuwa utumbo umesafika ni choo kuwa maji matupu ya manjano, yasiyo na chembe.

Kuhusu ibada, imamu alituambia kuwa asiyeweza kuzuia hadathi hutawadha wakati wa swala unapoingia, akaswali hapo hapo bila kuchelewa. Baba aliswali hivyo, tena kwa kukaa alipochoka. Dawa ya usingizi inayomwondolea mtu fahamu hutengua udhu, basi atawadhe upya akiamka. Ikiwa miadi imeangukia Ramadhani, mjue kuwa matayarisho haya hayawezekani na funga, na katika madhehebu ya Shafi kuingiza kitu katika njia ile hubatilisha saumu. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku zake. Kwa yasiyo ya dharura, muulizeni daktari kama yanaweza kusubiri.

Kipimo chenyewe kilichukua kama nusu saa, na Baba alilala. Alipozinduka aliuliza: "Wataanza lini?" Tulicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Walimkuta na vinyama viwili. Daktari alivikata papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mpira ule. Tulingoja majibu ya maabara kwa siku kumi, na siku hizo hatuzisahau. Kila mmoja aliamka usiku kwa wakati wake. Jibu likaja: kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini hakijawa saratani. Alhamdulillahi. Daktari alisema vinyama vya aina hiyo huchukua miaka kabla ya kugeuka, na vikikatwa mapema njia hiyo hukatika. Ametakiwa kurudi baada ya miaka mitatu.

Kisha akatugeukia sisi, akasema watoto wa damu waliofika miaka 40 nao wapimwe. Kati yetu wamefika wawili. Mmoja ameshapimwa, hana kitu. Mwingine bado anasogeza siku, mara kazi, mara safari. Juzi Baba alimwita akamwambia: "Mwanangu, mimi niliificha damu miaka miwili kwa kuona haya. Wewe unaficha nini?" Hakujibu. Makala hii ataisoma naye.

Ndugu zetu, waulizeni wazee wenu kwa adabu, na msingoje mpaka waanguke. Tunawaomba dua kwa ajili ya Baba, na kwa ajili ya huyo ndugu yetu. Allah awaponye wagonjwa wetu wote, na awarehemu waliotutangulia. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.