Maji Yanayomwagika Usiku

Kabla hajaegemeza ngazi ukutani, fundi mmoja wa mabomba wa Dar es Salaam huuliza: tangi linamwagika saa ngapi? Wenye nyumba hushangaa, kwa kuwa wamemwita abadilishe boya. Lakini saa humpa nusu ya jibu. Mchana, mtaa mzima ukichota, presha ya bomba hushuka na boya lililochoka bado humudu kuziba. Usiku watu wakilala presha hupanda, maji yakapenya kwenye washa iliyolika. Fundi akifika saa nne asubuhi hakuna kinachodondoka. Kuna ukuta uliolowa tu.

Hayo aliyaona tangu alipokuwa kibarua, akibeba mabomba nyuma ya mafundi wakubwa. Walimfundisha kulitikisa boya sikioni: likisikika maji ndani, limepasuka, haliwezi tena kuelea na kufunga.

Nyumba iliyomfunza zaidi ilikuwa Tabata, mwishoni mwa 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu na jiji likaingia kwenye mgao. Ua ulikuwa na tangi la chini ya ardhi, pampu, na simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa zege. Kila baada ya siku ya mgao, maji ya mtaani yakishakatika, tangi la chini lilifurika hadi alfajiri. Boya lilikuwa limeshabadilishwa, tena zaidi ya mara moja.

“Fundi, bomba limekauka tangu jioni. Haya yanatoka wapi?” aliuliza mama mwenye nyumba.

“Tutajua sasa hivi, mama. Naomba tufunge koki ya mita.”

Koki ikafungwa. Maji yakaendelea kufurika. Basi mtaa haukuhusika, na kulilaumu boya kulikuwa kupoteza fedha za mama wa watu. Fundi akapanda mnarani, akatumbukiza ufito mkavu ndani ya simtanki, akaweka alama ya chaki palipoishia maji. Baada ya muda akapima tena: yameshuka, ilhali ndani ya nyumba hakuna aliyefungua bomba.

Aliyejenga mfumo ule alibana matumizi. Bomba la pampu aliliunganisha chini ya simtanki, kwenye bomba lilelile la kuteremshia maji nyumbani. Kilichozuia maji ya juu yasirudi chini kilikuwa valvu moja tu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kando ya pampu. Fundi alipoifungua alikuta changarawe ndogo imekwama, kibati cha ndani hakifungi. Usiku kucha maji yalishuka kupitia pampu yakalijaza tangi ambalo tayari lilikuwa limejaa. Asubuhi pampu iliyapandisha yaliyobaki, na uniti za umeme wa LUKU zikaondoka nayo.

Changarawe aliitoa kwa kidole. Kazi kubwa ilikuwa kumshawishi mama anunue bomba jingine. Fundi alishikilia, na bado anaamini alikuwa sahihi: bomba la pampu liingie juu ya tangi, mdomo wake usiguse maji. Hapo hata valvu ikikwama, tangi la juu halina njia ya kujimwaga. Mama alikubali, na bomba jipya likafungwa kabla ya zamu iliyofuata ya maji.