Msonobari wa Hiroshima na Mashina ya Msitu Wetu

Katika mji wa Washington, nchini Marekani, liko shamba la miti la taifa, na ndani yake imehifadhiwa miti mifupi ya namna ya Kijapani iitwayo bonsai. Mmoja wa miti hiyo ni msonobari mweupe ambao watu walianza kuutunza mwaka 1625, yaani miaka 285 kabla ya mji wetu wa Lubumbashi kuanzishwa mwaka 1910. Walioanza kazi ile wamekwisha kufa zamani, hata na wajukuu wa wajukuu wao. Mti wenyewe ungali mbichi.

Twapenda kusema nanyi juu ya mti huu kwa sababu mbili. Kwanza, watufundisha namna ya kukata mti bila kuufisha. Pili, historia yake yagusa udongo wetu wa Katanga, na wengi wetu hatukupata kuisikia.

Msonobari si mti wa kuzaliwa kwetu. Wengi waujua kwa mbao zake tu, kama ile inayopandwa kwa wingi Sao Hill, nchini Tanzania, ambako matawi ya chini hupogolewa ili mbao isiwe na vifundo. Wajapani huupogoa kwa nia nyingine. Neno bonsai kwao ni mmea uliopandwa katika sinia au bakuli, na ustadi huo waliupokea zamani kwa Wachina. Wako wanaodhani kwamba miti hiyo ni ya jamii ya mbilikimo. Sivyo. Mbegu ni ile ile ya mti mkubwa wa milimani. Ukiupanda katika ardhi pana na kuuacha, utakua. Wabaki mfupi kwa sababu ya mkono wa mtunzaji.

Na mkono huo hufanya nini? Msonobari hauna majani mapana, una sindano. Msonobari mweupe huzitoa tano tano katika kila kishada. Baridi ikiisha, ncha za matawi hutoa machipukizi yaliyosimama wima kama mishumaa ya altare. Mtunzaji hayaachi yote yarefuke. Yenye nguvu huyavunja kwa vidole, yaliyo dhaifu huyahurumia, ili nguvu ya mti igawanyike sawa. Baadaye huondoa sindano kuukuu, nuru ipate kufika ndani. Tawi linalokwenda vibaya hulizungushia waya wa shaba na kulipinda kidogo kidogo, naye hulitazama mara kwa mara, maana waya ukisahauliwa utazama katika gamba na kuacha kovu. Kila baada ya miaka kadhaa huutoa mti chomboni, hupunguza mizizi, kisha huurudisha pamoja na udongo kidogo wa zamani, kwa kuwa ndani yake mna nyuzi nyeupe za uyoga ziisaidiazo mizizi kupata maji na chakula.

Iko na sheria moja kali. Tawi la msonobari likikatwa nyuma ya sindano zake zote, kwa kawaida halichipui tena, hufa. Basi mtunzaji hufikiri kwanza, halafu hukata. Kazi yake kubwa ni kutazama, na kisu huja mwisho.

Msonobari ule wa Washington ulitunzwa na ukoo wa Yamaki katika mji wa Hiroshima, baba akimrithisha mwana, kwa vizazi vingi. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliuangushia mji ule bomu la atomu. Kitalu cha ukoo huo kilikuwa kilomita tatu hivi kutoka mahali pale. Ukuta wa kitalu uliikinga miti. Watu wa nyumba walikatwa na vipande vya vioo, lakini walipona. Katika mji mzima watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa mwaka ule ulipokwisha.

Sasa sikilizeni. Sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika bomu lile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville siku zile, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka hapa Lubumbashi. Mgodi ulikuwa wa Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale, na mwaka 1942 yakauzwa kwa jeshi la Marekani. Waliovunja na kupakia mawe ni baba zetu na babu zetu. Hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani. Hatuwezi kuwatia hatia. Lakini haifai sisi watoto wao tuishi kana kwamba jambo lile lilitokea katika dunia nyingine. Jiwe lilitoka kwetu, likafika mpaka nyuma ya ukuta uliokinga mti ule.

Na mti wenyewe ulifikaje Washington? Mwaka 1976 Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, Wajapani waliipelekea zawadi ya miti ya bonsai, na Masaru Yamaki aliutoa msonobari wa ukoo wake. Watunzaji wa kule waliupokea bila kuijua habari ya bomu. Waliijua mwaka 2001, wajukuu wake wawili walipokwenda kuutazama mti wa babu yao. Tufikiri juu ya zawadi hiyo. Mtu ampa yule aliyeunguza mji wake kitu ambacho baba zake walikitunza kwa karne tatu, wala hadai shukrani wala toba. Katekismu twaisoma, na juu ya msamaha twahubiriwa kila mwaka wakati wa Kwaresima. Hapa msamaha umepandwa katika bakuli, nao wataka kumwagiliwa kila siku.

Turudi kwetu. Sisi nasi tu watu wa kukata miti. Nyumba nyingi za Lubumbashi hupika kwa makala, na kila mwaka msitu warudi nyuma zaidi. Hatumlaumu mchoma makala peke yake: ana watoto wa kulisha, na sisi wa mjini ndio tunaonunua magunia yake. Lakini Mungu ameupa msitu wetu jambo ambalo msonobari hakupewa. Muputu na musamba, ukivikata, shina huchipua tena. Shina letu si kaburi, isipokuwa sisi wenyewe tuking'oa mizizi yake, au tukiacha moto wa mwezi wa tisa na wa kumi uunguze machipukizi.

Basi mtunzaji wa msonobari atufaa kuwa mwalimu. Shina likichipua vijiti vingi, chagua viwili au vitatu vilivyonyoka, uvikate vingine, nguvu yote ipande katika vile vilivyobaki. Kando ya shamba, majani yachomwe mapema, mwezi wa tano au wa sita, yakingali na unyevu, ili moto mkali wa baadaye usipate chakula. Kisha ngoja. Tena tukumbuke kwamba uyoga mwingi tunaoununua sokoni wakati wa mvua waishi katika mizizi ya miti hiyo, kama zile nyuzi nyeupe za msonobari. Miti ikiisha, uyoga huo nao umekwisha.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, Bwana wetu Yesu Kristu amemfananisha Baba yake na mkulima wa mizabibu, na amesema kwamba hata tawi lenye kuzaa halikosi kupitiwa na kisu. Wengi twaogopa tusikiapo maneno hayo. Lakini kisu cha mkulima si shoka la mwenye haraka. Yeye hukata akijua atakuwapo hata mwaka ujao kutazama kilichochipua. Ndivyo yawapasavyo wazazi na watoto wao pia: kuwaonya kidogo kidogo, na kuulegeza waya kabla haujaacha kovu.

Tarehe 6 Agosti, siku ile ya Hiroshima, Kanisa huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana. Tukiwa Misani siku hiyo, tuwaombee waliokufa katika moto ule, tuwaombee na wachimbaji wetu wa Shinkolobwe. Kisha aliye na kipande cha msitu ayapitie mashina yake kwa subira, majani ya Septemba yasijatoka, achague kijiti atakachowaachia wajukuu.