Rovu na Mjumbe wa Polepole

Upepo wa bahari haufiki Nyakatuntu. Kata hiyo ya vilima na migomba, iliyokuwa ya Karagwe kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuundwa mwaka 2012, iko takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Udongo wa nchi za vilima huoshwa na mvua karne kwa karne, na madini joto, yaani iodini, huteremka na mito. Basi mgomba waweza kustawi na mtoto akashiba ndizi na maharage, lakini mwili wake ukakosa mikrogramu 90 hadi 120 tu kwa siku, kiasi ambacho kiganja hakihisi uzito wake.

Mwili una wajumbe wa namna mbili. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa umeme; mguu ukikanyaga mwiba, huondolewa kabla mtu hajasema "aa!" Homoni ni mjumbe wa polepole. Humwagwa katika damu, hupita kila mlango, huitikiwa na zile seli zenye kipokezi chake tu. Ile ya tezi ya shingoni, thairoksini, hubeba atomi 4 za iodini. Pasipo iodini haiundiki. Hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huihimiza ya shingoni kwa homoni nyingine. Jawabu haliji. Huhimiza tena, na tena, na tezi inayoamrishwa bila kupewa malighafi huvimba. Ndilo rovu. Wapo walioliita laana, wakamwonea mwenye nalo. Kumbe ni shingo iliyotii amri isiyotekelezeka.

Hata hivyo, rovu linaonekana, na kinachoonekana si kizito kuliko vyote. Katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni hajawa na tezi ya kumtosha. Huishi kwa homoni ya mama. Homoni hiyo husaidia seli za ubongo kushika mahali pake, na mishipa ya fahamu kuvishwa utando wa mafuta unaoharakisha habari. Mjumbe wa polepole ndiye anayemtengenezea njia mwenziwe wa mbio. Akikosekana wakati huo, chumvi ya baadaye hairejeshi kilichopotea.

Msomaji wa visiwani huenda akaishukuru bahari yake. Asifanye haraka. Samaki wana iodini, ni kweli, lakini chumvi inayoanikwa juani hubaki nayo kidogo mno. Tanzania Bara ilianza kulazimisha kutiwa madini joto chumvini katikati ya miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu ungali Zanzibar, Pemba ikizidi Unguja, na sababu haikuwa umbali na maji: chumvi ya Pemba ilitoka mashambani mwake hapo hapo, ikaingia jikoni bila kutiwa chochote. Mama wa Nyakatuntu aliyenunua pakiti iliyotiwa madini hayo, akaifunika isipate unyevu, alimlinda mwanawe kuliko jirani wa shamba la chumvi aliyesikia mawimbi usiku kucha.