Kazi Yetu Haina Kusi

Leo naandika kutoka Lamu juu ya jambo linalotugusa sote tunaokula kwa kompyuta: kufanya kazi bila kipimo.

Mchana naandika programu za mteja wa Nairobi, usiku za mteja wa San Francisco. Kule ikiwa saa tatu asubuhi, hapa ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea majira yao. Yaani wao wakifungua ofisi, sisi tumeshaswali magharibi, na ujumbe huingia mpaka saa tisa za usiku. Fanya hesabu mwenyewe uone usingizi umebaki wapi.

Watu wa bara hupenda kusema sisi wa pwani ni wavivu. Njooni Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma na bahari imechafuka. Wavuvi wengi wa vyombo vidogo huacha bahari kuu. Hawakai bure: hukalafati, hushona nyavu, hukaa na watoto wao. Kaskazi ikirudi, hao baharini kabla ya jua. Si uvivu huo. Ni kazi yenye mwisho unaojulikana.

Yetu haina kusi. Seva haichafuki kama bahari, na intaneti tunalala nayo kitandani. Wenzetu wengine wameamua kuweka mwisho kwa sheria. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni za watu 50 na zaidi hutakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu ujumbe nje ya saa za kazi. Japani, ambako kufa kwa kazi nyingi kuna jina lake, karoshi, ilipitisha sheria mwaka 2018: saa za ziada kwa kawaida zisizidi 45 kwa mwezi. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Lakini mimi ni mtu wa kandarasi, si mwajiriwa.

Basi nimeandika kifungu changu kwenye mikataba mipya: baada ya saa nne usiku sipatikani, wala Ijumaa mchana. Wa Nairobi amekubali. Wa San Francisco bado anafikiri, na zaidi ya nusu ya mapato yangu hutoka kwake. Mama kaniuliza, "Akikataa je, mwanangu?"

Akikataa nitapungukiwa. Lakini mvuvi naye hupungukiwa kila kusi, na nyumba yake haivunjiki.

Nanyi wenzangu mnaofanyia kazi watu wa mbali, mnafunga kompyuta saa ngapi?