Bei Iko Kwenye Mkunjo

Baba mdogo,

Picha zako za WhatsApp zimefika zote, hata ile iliyozibwa na kidole gumba. Nimepata pia habari za yule bwana aliyepita hapo Chapwa akinadi kwamba noti za zamani zinasakwa Ulaya kwa mamilioni, ila kwanza utoe ada ya uhakiki. Usimpe hata jero.

Huku London wapo watu wanaoishi kwa noti zilizokufa. Hukutana kwenye ukumbi wa hoteli, kila mmoja na meza yake, taa yake na albamu za plastiki. Hakuna anayemvuta mteja shati kama wabadilisha kwacha wa pale mpakani na Zambia. Kimya kama msibani, na chai yao ya bei mbaya.

Nilikwenda na ile shilingi mia nyekundu ya 1966 uliyompa mama aniletee. Mzee mmoja aliipokea kwa kuishika ukingoni tu. Sura ya Mwalimu hakuijali. Aliilaza karibu na taa, mwanga ukapita kiubavuubavu, na mikunjo yote ikajitokeza: msalaba wa kukunjwa mara mbili mfukoni mwa babu, kona iliyolika, na tundu la pini ambalo mimi sikuwahi kuliona. Akaigeuza. Hapo alitabasamu kidogo, maana zipo mia za aina mbili za toleo lile la kwanza la Benki Kuu, yenye Mmasai na mifugo na yenye wanyamapori peke yao, na ya Mmasai ndiyo adimu. Yetu ni ya Mmasai. Kisha akataja bei, ndogo, akanionyesha na ya kwake, haijakunjwa hata mara moja, inayouzwa mara nyingi zaidi ya yetu. Nikairudisha kwenye bahasha. Mwenye meza hununua chini ili auze juu, na kodi ya ukumbi lazima itoke mahali.

Nyumbani tunadhani uzee ndio utajiri. Sivyo. Wajerumani walipozingirwa na manowari za Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, noti zao za rupia hazikuweza kuletwa, wakaanza kuzichapa wenyewe Dar es Salaam kuanzia 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zina zaidi ya miaka 100, lakini walizichapa nyingi mno, na rupia moja ya kawaida utaipata kwa bei ya chakula cha watu wawili. Rupia za karatasi za Zanzibar za 1908 ni jambo jingine. Ziliondolewa 1936 Zanzibar ilipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, zikabaki chache sana, na zikitokea mnadani matajiri hutunishiana misuli.

Sasa hilo bunda la miaka ya 90 ulilolipiga picha juu ya kitanda: pole, baba. Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003. Dirisha limefungwa. Kwa wakusanyaji wa huku noti hizo zipo tele, nao huzitaka mpya kabisa. Wape watoto wachezee duka.

Lakini picha ya saba imeninyima usingizi. Ile yenye ndege, ni pauni ya Zambia ya 1964, sivyo? Pauni ile iliishi miaka michache tu, kwacha ikaichukulia nafasi Januari 1968. Nadhani babu aliipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaisahau ndani ya Biblia, na kwenye picha naiona imenyooka. Tafadhali usiifue, usiipige pasi, wala kuibandika utepe. Pasi hulaza wino ulioinuka, na vidole vya hawa wazee huligundua hilo kabla ya macho. Irudishe ndani ya Biblia ileile, kisha nipigie picha upya mchana, pande zote mbili, namba na sahihi zisomeke.

Na yule bwana akirudi, mwambie hiyo ada aikate kwenye hayo mamilioni yake. Ukitaka kumwonyesha noti, mwonyeshe bunda la miaka ya 90. Pauni asiione.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao, London